Maziwa ya Saa Nne

Watoto wa mtaa wa Mbotela walimwita Mama Unga, na ungemwona akivuka reli jioni kurudi mtaani usingewalaumu. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, mikunjo ya shingo imejaa weupe, na leso yake akiikung'uta mlangoni jirani anafunga dirisha. Mgeni aliyehamia juzi alidhani mama huyu yuko posho mill kusaga mahindi, tena akamwonea wivu, maana mtu wa posho mill halali njaa. Kumbe, masikini, ule haukuwa unga wa ugali. Ulikuwa mawe.

Jina lake hasa lilikuwa Kageha. Mmaragoli, mshirika wa kanisa la Friends, mwembamba, mtu wa kujibu neno moja pale wewe ulipouliza kumi. Alikuwa na chumba kimoja, mtoto mmoja na kazi moja. Kazi yenyewe ilikuwa kule Indastria, eneo la viwanda ng'ambo ya reli, kwenye kiwanda cha unga wa kusugulia sufuria, ule unaouzwa kwa makopo ya kadibodi yenye matundu juu. Mawe meupe yaliletwa kwa lori, yakatiwa kinuni, yakasagwa mpaka yakawa laini kuliko unga wa ngano. Halafu yakachanganywa na magadi na sabuni kidogo. Sabuni ni kidogo kweli, nawaambia. Kopo zima ni jiwe. Wanawake ishirini na wawili walikaa kwenye mabenchi wakiujaza unga huo makopo kwa vijiko vya bati, na kila kopo likijaa walilipiga mezani mara mbili ili unga ushuke. Kila likipigwa lilitoa pumzi yake usoni mwa aliyelipiga. Feni ilikuwepo moja. Iliharibika mwaka wa kwanza na hakuna aliyepanda ngazi kuitazama.

Aliingia mle mwaka wa 1971, mtoto wake Javan akiwa hajatimiza mwaka. Javan alizaliwa wa miezi saba, njiti, kichwa chake kikienea kwenye kiganja, na wanawake wa ploti aliyopanga walipomwona walisema pole kabla hawajasema hongera. Baba mtu, Shitanda, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mzigo Kitale akakaa huko. Msidhani alikufa, jamani. Alioa.

Sasa sikilizeni habari ya maziwa, kwa sababu mambo yote ya Kageha yanapita hapo.

Kila siku saa nne asubuhi kengele ililia, kinu kikanyamaza, na nyapara wao Patrobas akaja na kreti ya pakiti za maziwa, zile za pembe tatu. Kila mama wa vumbi pakiti moja. Hii si zawadi, Patrobas aliwaeleza wageni wote siku yao ya kwanza, hii ni dawa. Maziwa huosha kifua. Vumbi la jana lililolala kifuani linateremshwa na maziwa ya leo, na la leo litateremshwa na ya kesho. Nani alimwambia Patrobas? Meneja. Na meneja alitoa wapi? Hapo sijui, na nimeuliza. Lakini Indastria yote iliamini hivyo. Watu wa viwanda vya rangi walipewa maziwa, watu wa betri walipewa, watu wa kuchomelea vyuma walipewa, na wote walikunywa wakijua wanajikinga. Karani wa ofisini hakupewa, wala askari wa getini, wala mfagiaji. Maziwa yalikuwa ya watu wa vumbi peke yao.

Na yalinywewa palepale. Zamani kina mama walibeba pakiti nyumbani, meneja akakasirika kwamba dawa inapotea, basi ikawekwa sheria: ng'ata pembe, kunywa mbele ya nyapara, rudisha pakiti tupu kwenye kreti. Kageha alipata njia yake wiki ya pili. Aling'ata pembe, akainua pakiti mdomoni, na koo lake likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, kama la mtu anayekunywa kwa kiu. Alikuwa anameza mate. Midomo ilikuwa imefungwa. Kisha alienda kukaa nyuma ya magunia, akamimina maziwa yote kwenye chupa ya jusi, akaiziba kwa gunzi, akaitia ndani ya kiondo chini ya leso. Pakiti ilirudi kwenye kreti ikiwa tupu. Patrobas alijua. Mtu hawezi kusimamia wanawake miaka yote hiyo asijue. Alikuwa na watoto wake sita, kwa hiyo saa nne ikifika alitazama mabati ya paa.

Javan alinawiri. Ndivyo ilivyokuwa, hata wale waliompa mama pole walikiri. Alitambaa, akasimama, mashavu yakajaa. Kageha alijua anachofanya. Kwa jinsi alivyoelezwa, kila chupa aliyobeba nyumbani ilikuwa ni kifua chake mwenyewe anakipunguza, na alikuwa amekubali. Hakulia wala hakuliombea jambo hilo kanisani. Alikubali siku moja, akamaliza, na kesho yake akaenda kazini.

Mwenzake wa benchi alikuwa Nthoki, Mkamba wa upande wa Kangundo, ambaye kila mtu alimwita Mama Kavata kwa jina la bintiye. Huyu alikuwa na sauti ya kushindana na kinu. Yeye maziwa yake aliyanywa mpaka akaipasua pakiti na kuilamba, lakini siku nyingine alibakiza mafunda mawili, akamshika Kageha kidevu kama mtoto na kumlazimisha ameze. Meza tuone, alimwambia, fungua mdomo tuone. Wenzao walicheka. Kageha naye alicheka, na kwake hilo halikuwa jambo la kila siku.

Mwaka wa 1978 likaja gari la kupiga picha za kifua. Wanawake walipanga foleni uani, wakavua blauzi mmoja mmoja, wakabana kifua kwenye bamba baridi. Baada ya wiki mbili Patrobas aliwaita wawili tu, Nthoki na Kageha. Alisema daktari wa kampuni ameona madoa. Si kifua kikuu, alisema, ni vumbi limekaa, na daktari anashauri watu hawa wawili watolewe chini. Nafasi ziko mbili za kufagia ofisi za juu na kuchemsha chai. Mshahara ni uleule.

Nthoki alikubali kabla Patrobas hajafunga mdomo. Kageha aliuliza jambo moja.

"Na maziwa?"

Patrobas alimwambia juu hakuna maziwa, yeye mwenyewe anajua. Kageha akaomba siku moja ya kufikiri.

Alifikiri akivuka reli, alifikiri akipepea jiko. Javan alikuwa na miaka minane, na mwezi ule alikuwa ameshinda nyumbani majuma mawili kwa homa ya kifua. Sista wa kliniki alikuwa amesema mpe maziwa, mpe mayai, akasema kwa urahisi kana kwamba vitu hivyo huota ukutani. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ndilo lililomfunga. Kageha alijiambia hivi: vumbi liko ndani tayari. Dawa ya kuliosha inatolewa chini, pale kwenye vumbi, kwingine haitolewi. Akipanda juu atapanda na madoa yake na hatakuwa na kitu cha kuyaoshea. Akibaki chini, mtoto atakunywa leo, na siku kifua kikizidi, basi ataanza kunywa yeye. Kwa vyovyote, bora kukaa karibu na maziwa.

Nawaomba msicheke. Ukiambiwa miaka saba kwamba maji yako kwenye kisima hiki, utahama kisima ukiwa na kiu?

Nthoki alimfuata hadi nyumbani. Alimbembeleza, alimfokea, alimwambia ataomba apewe nusu ya mkate wa ofisini awe anamletea mtoto. Mwisho alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Twende juu, Mama Javan. Hilo vumbi si mume wako."

"Nenda wewe," Kageha alisema. "Mimi nitabaki na maziwa yangu."

Nthoki akaenda. Na mwaka uliofuata, sijui nicheke ama nifanye nini, serikali ikaanza kugawa maziwa ya bure shuleni. Javan alirudi nyumbani na pakiti yake mwenyewe mkononi, mdomo mweupe. Kageha aliitazama pakiti ile muda mrefu. Kesho yake alimwendea Patrobas akauliza habari ya lile fagio. Lilikuwa limeshachukuliwa na shemeji ya mtu. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Nthoki.

Maziwa ya shule hayakuja kila siku, kwa hiyo chupa ya gunzi iliendelea. Iliendelea mpaka Javan alipofika miaka kumi na tatu. Siku hiyo alikosana na Kavata, binti ya Nthoki, juu ya mpira uliovunja kioo, na katika maneno ya kutupiana Kavata akamwambia: wewe nyamaza, wewe unakunywa dawa ya mama yako. Javan alirudi ndani akamuuliza mama kama ni kweli. Kageha hakuwa na uongo karibu. Alisema ni kweli.

Tangu siku hiyo kijana hakugusa maziwa. Chupa ilikaa mezani ikaganda, ya kesho yake ikaganda kando yake, mpaka Kageha akasalimu amri akaanza kuyanywa kazini, kikweli kabisa, funda kwa funda. Javan alikunywa turungi, chai isiyo na maziwa. Asubuhi turungi, jioni turungi, nyumbani kwa mtu akipewa chai ya maziwa aliisukuma. Ule mwaka wa ukame, watu wakila mahindi ya manjano na maziwa yakitafutwa kwa tochi, yeye alisema afadhali, sasa tuko sawa wote. Alikuwa anarefuka, kipa wa timu ya shule, mikono hii, na bado kila alipomtazama mama yake akikohoa uliona anapiga hesabu zake za kimyakimya. Siku moja alizitoa nje.

"Nilikula kifua chako, mathe."

Kageha alimwambia aache upuzi akalete maji. Lakini yeye pia ndivyo alivyoamini.

Kikohozi kilikuwa kimeanza kidogo, kikakaa. Alidhoofika. Ngazi tatu za mlango wa kiwanda zikawa ndefu. Mwaka wa 1986 alitema damu kwenye leso, na kampuni ikamwachisha kazi kwa maneno mazuri na katoni moja ya unga wa kusugulia sufuria. Aliisukuma katoni chini ya kitanda. Hata mmoja kati ya wanawake wa kile kiwanda hakuwa akitumia unga ule nyumbani kwake. Wote walisugua kwa majivu.

Alidungwa sindano za kifua kikuu miezi na miezi, kwa kuwa kila anayekohoa damu hudungwa hizo. Hazikusaidia. Ilipofika katikati ya mwaka wa 1987 alipelekwa hospitali kubwa kwa daktari wa vifua, dada mmoja mdogo wa Kisomali aliyeitwa Shamso, mwenye sauti ya chini na kalamu nyuma ya sikio. Javan alimsindikiza, akabaki kwenye benchi la nje.

Daktari Shamso alimuuliza kama anavuta sigara. Kageha alisema hapana. Nyanya yake kule Maragoli alivuta maisha yake yote moto ukiwa ndani ya mdomo, kama walivyovuta wazee wa kike, na alizikwa akiwa na miaka tisini. Daktari aliandika. Kisha aliuliza kazi, na alipoelezwa ile kazi aliiweka kalamu chini, akaitundika picha mpya ya kifua kwenye taa na kumwonyesha. Hivi vijidoa vyote, alisema, ni makovu ya vumbi la mawe. Ukilivuta haliyeyuki, halitoki, linakaa na kulichuna pafu mpaka pafu linakauka. Na hapa, akaweka kidole, huu ni uvimbe. Ni saratani. Wako madaktari wanaobishana bado kama vumbi hili pekee laweza kuleta saratani. Yeye, kwa watu aliowaona wa machimbo na wa vinu, habishani tena. Ungekuja mapema tungekata. Sasa umeenea.

Kageha aliyasikia yote kana kwamba anaambiwa mtu wa kitanda cha pili. Alitazama kalamu. Alitazama kalenda ya kampuni ya dawa ukutani. Alijiuliza kama amefunika makaa. Halafu akauliza swali alilokuwa nalo kwa miaka kumi na sita.

"Daktari, kama ningekunywa maziwa yangu, ningepona?"

Daktari hakuelewa. Ilibidi aelezwe kreti, pakiti, saa nne, chupa ya gunzi. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyekasirika na asijue amkasirikie nani.

"Mama, maziwa huenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Hayakutani hata siku moja. Ungekunywa kreti nzima kila siku, picha hii ingekuwa hivihivi. Maziwa ni chakula tu. Uliyempa mtoto, ulimpa chakula, basi."

"Basi?"

"Basi. Kilichokuumiza ni kukaa mle. Kila mwaka unaongeza. Wanaotoka mapema, wakiwa na madoa tu, wengi wao wanaendelea kuishi. Hawakuwahi kukwambia utoke?"

Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani mwa Kageha: sabini na nane, themanini na sita. Miaka minane alikuwa ameketi kwenye vumbi kulinda kitu ambacho hakikuwa dawa. Alingoja uchungu uje. Haukuja. Lilikuja wazo moja tu, la Javan pale kwenye benchi.

"Muite kijana," alisema. "Mwambie ya maziwa. Kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno. Hayo mengine niachie."

Daktari Shamso alimwita, akamwambia. Javan alisimama amekunja kofia mikononi, akasema ndiyo daktari, asante daktari. Jioni ile alitoka akaenda dukani, akarudi na pakiti. Aliimimina kwenye sufuria ya chai mpaka chai ikawa nyeupe, akajaza kikombe, akakaa kwenye kigoda na kunywa. Alikunywa taratibu, macho kwenye mlango. Hapo Kageha alisikia kitu. Mara ya kwanza mwaka mzima alisikia kitu kikimgusa ndani, na ilikuwa furaha, tena furaha kubwa, na ilidumu mpaka kikombe kikaisha. Baadaye ile ganzi ilirudi mahali pake.

Nthoki alikuwa akija kila siku mchana. Bado alifagia zile ofisi za juu. Alikohoa kidogo asubuhi, akipanda mlima alipumzika, lakini alikuwa mzima, mnene, mwenye sauti yake. Alileta githeri ya mahindi na maharagwe iliyopondwa laini, akamwosha mgonjwa, akamsuka nywele zilizobaki. Kageha alimweleza habari ya daktari siku ileile, yote, hata ile miaka minane, na akamwomba jambo moja: Javan asijue kwamba kulikuwa na fagio la pili. Asijue kwamba mama yake alilikataa kwa ajili ya chupa yake. Atarudi kwenye turungi, alisema, na safari hii hakuna daktari wa kumtoa. Nthoki aliapa kwa jina la Kavata.

Wakamsahau Patrobas.

Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, amevaa koti, na mkate na sukari kwenye karatasi, kama inavyompasa mtu anayekwenda kuona mgonjwa. Alizeeka, lakini kiherehere chake hakikuzeeka. Nthoki alikuwa akipakua. Javan alikuwa kwenye kigoda na kikombe chake cha chai nyeupe. Patrobas alimtazama kijana alivyokuwa mkubwa, akafurahi, akawa anakumbusha ya zamani, jinsi alivyokuwa akitazama paa. Walicheka kidogo. Kisha akageukia kitandani akatikisa kichwa.

"Lakini Mama Javan, ulikuwa mkaidi. Tulikwambia panda juu ukafagie, ukaniuliza maziwa yako wapi."

Javan alishusha kikombe. Hakukiweka chini, alikishusha tu mpaka magotini. Alimtazama mama yake, na lile jicho Kageha alilijua. Ndilo lile la umri wa miaka kumi na tatu, la siku ya kioo.

"Waliwahi kukwambia uhame, mathe?"

Ile siku ya kioo hakuwa na uongo karibu. Leo alikuwa nao.

"Patrobas amezeeka, anachanganya," alisema. Ilimbidi avute pumzi katikati. "Nafasi ilikuwa moja. Walimpa Mama Kavata."

Patrobas alifungua mdomo, akaona jinsi wanawake wawili wanavyomtazama, akaufunga. Kageha hakuwa amepanga kumtaja Nthoki. Jina lilitoka kwa sababu ndilo lililokuwa la kweli nusu, na alipolisikia limeshatoka ndipo alipoona limeangukia wapi. Javan alikuwa amegeuka.

"Ni kweli, Mama Kavata?"

Nthoki alikuwa na mwiko mkononi. Alimtazama mgonjwa, akakitazama kile kikombe magotini.

"Ilikuwa moja," alisema. "Nikaichukua mimi."

"Na yeye alikuwa na madoa kama wewe."

"Kama mimi."

Patrobas alisema labda amechanganya kweli, ni zamani sana, akachukua kofia yake. Javan aliinua kikombe akamaliza chai. Alimaliza yote. Kisha alipita mbele ya Nthoki bila kumwangalia, akatoka uani.

Tangu siku ile kijana hakumsalimu tena Mama Kavata. Nthoki akiingia, kijana anatoka. Githeri yake hakuigusa, hata akishinda njaa. Alijipikia ugali wake kwa sukuma wiki, akala akiwa amempa mgongo. Lakini chai alikunywa na maziwa, asubuhi na jioni. Kageha alitazama yote hayo kutoka kitandani. Alikuwa na pumzi ya kutosha sentensi mbili kwa mpigo, na sentensi mbili zingetosha kumsafisha rafiki yake. Kila siku alizitunga. Kila siku kijana alipoingia na kikombe chake cheupe alizimeza, koo likipanda na kushuka, midomo imefungwa.

Siku moja alijaribu kuomba msamaha. Nthoki alikuwa amemshika kichwa akimnywesha uji kwa kijiko, na hakumwacha amalize.

"Wacha anikasirikie. Mimi bado nina pumzi. Meza tuone."

Kageha alimeza, akafungua mdomo, Nthoki akachungulia. Nje Javan alikuwa anapigapiga mpira ukutani, akingoja mgeni atoke. Nthoki aliosha sufuria kwa majivu, akaifunga kwenye leso pamoja na githeri ambayo kijana hakuila, akasema atarudi kesho saa saba.